Kipimajoto Kilicholala

Jumatano, Ihembe

Kosa ni langu, si la betri. Draiva niliyoandika, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, hulaza kipimajoto cha friji ya chanjo ya zahanati ili kuokoa umeme wa sola, kisha hukiamsha kila nusu saa. Juzi hakikuamka. Kompyuta ikaendelea kuonyesha nyuzi nne za zamani, kumbe friji imezimika bila mtu kujua. Chanjo zote zimeharibika.

Leo nimeenda zahanati, kule Mabira. Nesi alikuwa akiwarudisha akina mama na watoto wao.

"Shikamoo, mama. Ni programu yangu."

"Marahaba. Wametembea tangu alfajiri, mwanangu. Waambie wewe."

Nikawaambia. Hakuna aliyenigombeza. Mmoja aliuliza tu chanjo nyingine zitafika lini.

Nimesharekebisha draiva. Ilikuwa mistari miwili tu.