Aliyeshika Nguo

Shuleni, Mpanda
18 Februari 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Na Bibi shikamoo, mguu wake unaendeleaje? Mimi mzima, ila sili vizuri, na sisingizii maharage ya shule.

Babu, naomba unisamehe kabla sijasema. Pentekoste tunapata kipaimara, na lile jina la Paula ulilonichagulia, nimfuate Mtume Paulo, nashindwa kulichukua. Nimesoma pale anapotokea mara ya kwanza, bado anaitwa Sauli. Stefano anapigwa mawe, na wale wapigaji wamevua nguo zao wamemwekea yeye miguuni. Hakurusha hata jiwe moja. Shuleni tuna Biblia za Kiingereza, nikaisoma na huko, nikidhani kwa lugha ya darasani itakuwa nyepesi. Ni ileile.

Wewe ni katekista miaka yote hii. Zile nguo, baadaye aliwarudishia wenyewe, kila mtu na yake? Sijaona palipoandikwa.

Mjukuu wako,
Theopista

Kijijini, Mpimbwe
27 Februari 2024

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Bibi yako anasema mguu unamsumbua ila ulimi mzima, na kwamba mke mwenza akikonda huko atakosa wa kumsuta.

Nimecheka. Watoto wengine huniuliza kama Paulo alioa, wewe unauliza habari za nguo. Sikiliza. Yule mtu alikuwa na hasira za karibu. Aligombana na rafiki yake Barnaba kwa sababu ya kijana wa kusafiri naye tu, wakaachana njia. Alishona mahema ili ale jasho lake. Na watu walimsema: barua zake kali, akija mwenyewe hana maneno. Nani huyo kama si wewe? Mbele ya wageni unaongea na vidole vyako, lakini ukishika kalamu hata mimi nakaa sawa. Ndiyo maana nikakuchagulia. Nguo ni jambo la siku moja.

Huku mpunga umekaa vizuri. Baba yako mdogo Denis anapalilia. Siku hizi kanyamaza, nadhani anataka kuoa. Lile jambo la Masele, yule kijana wa ng'ombe aliyepigwa shambani Januari akafia zahanati, limepata mtu. Wamemkamata Libérat, kibarua wetu, yuko mahabusu huko Mpanda. Shati lake lilikuwa na damu. Anadai alimbeba tu. Sikumdhania.

Babu yako,
Ponsian

Shuleni, Mpanda
10 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Leo siulizi habari za nyumbani, maana nikianza nitaishia hapohapo.

Nilikuwepo.

Nilikuwa nawapelekea chakula Baba mdogo na wenzake watatu. Ng'ombe wa Masele walishaingia kwenye mpunga. Masele aliponiona akasema, "Theo, waambie nawatoa. Nyie mbona mnakuja na fimbo?" Tulisoma naye mpaka la sita. Baba mdogo akavua sweta na shati, akanipa. "Shika hapa, zisichafuke." Wenzake nao wakanibebesha zao, na simu, na saa. Babu, nilizikunja. Walipokuwa wanampiga mimi nilikuwa nakunja, nalinganisha mikono ya mashati kama mtu anayepiga pasi. Hakuna aliyeniambia nikunje.

Walinawa kwenye mfereji, wakavaa, wakaondoka wasafi. Libérat alikuja baadaye, akamkuta, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Ile damu ni ya kumbeba. Wao hawana damu kwa sababu mimi nilizishika vizuri.

Sasa kila nguo ninayoanua kwenye kamba naiona ina joto la mtu. Nikifua sare maji yakatoka safi, naogopa. Mwalimu akiita majina darasani, kati ya Manyanda na Minza namsikia Masele, na nasikia anaitikia. Wenzangu hawageuki.

Libérat ana mke, ana watoto. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Theopista

Kijijini
14 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Hatujambo. Najua umesubiri sana. Ijumaa Kuu nilisoma Mateso kanisani, sauti ikanikatika, watu wakadhani ni uchungu wa Bwana.

Nilimuuliza Denis. Hakukana. Alisema, "Baba, tulitaka kumtisha tu." Kisha akachukua jembe akaenda shamba, na mimi nikamfunikia uji wake usipoe.

Ni kitinda mimba wangu. Nakuomba, Theo, ngoja kwanza tuvune. Libérat hana kosa, Mungu atamtoa. Paulo naye alifungwa bila kosa, likaja tetemeko milango ikafunguka. Nakuomba kama babu, si kama katekista.

Barua yako nimeichoma.

Babu

Shuleni, Mpanda
21 Aprili 2024

Babu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelainika.

Tetemeko halijaja Mpanda, Babu. Jumatano nilimwambia Mwalimu Suzana, matroni wetu, akanisindikiza polisi. Mdomo ulikataa kabisa, nikaomba karatasi. Nimewaandika wote wanne. Wa tano nimejiandika mimi, na nilichoshika. Askari akasema, "Hilo lako si kosa, wewe mtoto." Nikamwomba asilifute.

Walimpitisha Libérat pale. Akaniita kwa jina, akauliza kama mvua imenyesha nyumbani na kama mkewe Emelyne amepata wa kumsaidia kupalilia.

Nilisema nitafanya utakachoniambia. Sikufanya. Sina la kujitetea.

Theopista

Kijijini
12 Mei 2024

Theopista,

Walikuja kumchukua Denis Jumanne asubuhi. Alikuwa anakula. Akasimama, akaomba anawe mikono kwanza.

Libérat ameachiwa. Jana amepita hapa, akasema "Shikamoo, mzee" kama zamani. Sikuitikia. Miaka ishirini na sita nafundisha watoto wa watu, nikakosa marahaba. Nimemwomba Paroko anipumzishe.

Pentekoste sitakuja. Mwalimu Suzana akusimamie, mkono wake ndio uwe begani kwako. Jina chagua mwenyewe.

Likizo usije nyumbani. Bibi yako bado anapakua sahani ya Denis, na mimi sijui nitakutazama kwa macho gani. Ulifanya lililo sawa. Nalijua hilo, na bado nasema usije.

Lakini andika. Konda wa basi nimemwambia, kila Jumamosi nitakuwa nipo stendi.

Babu yako