Mapigo matatu juu ya reli

Papa, salam aleikum toka Dzaleka, kambi ya bakimbizi huku Malawi. Tuko bazima, batoto banakulamukia.

Jana nilienda Lilongwe kuuliza dosie yetu ya ukimbizi. Bantu ba biro balisema nirudie mwezi wenye kuja, basi tuache hiyo. Pa kurudi nilipanda kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, na tukafika penye barabara inavuka njia ya treni. Nikamwambia mwenye baiskeli asimame. Niliokota jiwe, nikainama, nikapiga reli. Akacheka, akaniita mama kwa luga ya huku: "Amayi, unatafuta nini?"

Ningemuelezea je? Wakati ya vita baenjenieri benzako balikimbia na vitabu vyao. We ulibakia Kindu, ukatembea kwa miguu mbele ya treni na nyundo, sababu bantu balikuwa banafungua bulo, vile vyuma vya kukaza reli. Uliandika mu kaye yako, ile daftari: reli nzima inalia murefu kama kengele, yenye kufunguliwa inakata sauti mbio. Njia ikiwa nzima unapiga mara tatu, dereva anakuja. Treni yako hata moja haikuanguka, hata ile yenye ilitubeba siye na mama tukikimbia vita. Ulipiga mara tatu, tukapita, nikakuangalia kupitia dirisha ya treni, unabakia nyuma na nyundo mu mukono.

Reli ya huku ililia murefu, Papa. Najua haifike Kindu.

Vaa koti yako nzito, kifua chako hakipendi mvua. Mungu akuchunge.

Nami nilipiga mara tatu. Njia iko nzima. Sasa ni zamu yako kupita.

Binti yako,
Zaina