Miwani ya Minza Niliyoondoka Nayo

Mwanangu Kabula,

Mmeamkaje hapo Kakese? Mpunga umekubali mwaka huu? Na kifua cha mama mkwe wako kimetulia? Mimi huku Iringa kwa kaka yako Masanja sijambo, ila baridi imenifundisha kuvaa soksi mbili mbili.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya kwako kwanza. Jumapili uliponiambia kwamba Minza hanakili tena kilichoandikwa ubaoni, na baba yake sasa anaona heri aache shule abaki na ng'ombe, nilijibu "tutaona" nikakata. Nilikata kwa aibu. Kosa ni langu.

Unakumbuka nilivyofikiri. Mtoto wa miaka kumi na moja, hasemi, wageni wakija anajificha na kitabu nyuma ya ghala. Nikaamua kwamba ukimya wake na macho yake ni ugonjwa mmoja: anajifungia ndani, na macho yanazoea vya karibu. Basi na dawa ni moja: aende malishoni, atazame mbali, azoee watu. Ndipo nikamvua miwani. Yeye alisema, "Babu, nikiivaa naona unavyocheka."

Nikamjibu, "Utaniona bila hiyo."

Baada ya miezi miwili tulikaa uani, mifugo ikirudi. Nikamuuliza, "Yule wa mbele nani?"

"Madoa."

"Nyuma yake?"

"Kipara. Anachechemea."

Hakukosea hata mmoja. Nikamwita mumeo, nikawaita na majirani: njooni, macho yamerudi yenyewe! Nilipopanda basi kuja huku, nikaitia miwani kwenye begi langu, mtu asije akamrudishia.

Juzi kaka yako alinipeleka kwa daktari wa macho. Nina mtoto wa jicho. Tukiwa kwenye foleni, mama mmoja jirani yetu alinipungia mkono, nikamtazama tu. Akamwambia Masanja, "Mzee wako siku hizi anaringa!" Kumbe sikumwona. Kabula, nami nimekuwa mkimya, kwa kuogopa kumwamkia mtu nisiyemtambua.

Nilipoingia kwa daktari, nikamsimulia habari ya Minza kwa majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, hao ng'ombe wana kengele?"

"Wanazo, kila mmoja na yake."

"Aliwahi kumtaja aliyesimama kimya?"

Nikakumbuka jioni ile: wote walikuwa wakitembea.

Alinieleza taratibu, nami nakueleza nilivyoelewa. Mtoto kukaa nje mchana kunasaidia macho yasiharibike haraka; hapo nilikuwa na nusu ya ukweli. Lakini jicho lililokwisha kushindwa kuona vya mbali halirudishwi kwa kutazama mbali, wala tabia ya mtu hailiponyi. Ukimya wa Minza ulimpa masikio tu. Mtoto asiyesema husikiliza, na amejua kila kengele na kila mwendo. Tukamsifu kwa kuona, naye kwa heshima hakutusahihisha. Miaka yote ile ya kufundisha nimewaambia watoto wa watu wasiogope kusema. Wa kwangu aliposema sentensi moja, nikamkatiza.

Miwani imo kwenye kifurushi hiki, nimeiviringisha ndani ya soksi. Mpe kabla hujamaliza kumsalimia aliyekuletea. Halafu mpelekeni Mpanda mjini akapimwe upya, huenda haimtoshi tena. Mwambie mumeo namwomba mimi mkwewe, asimtoe mtoto shule kwa kosa la mzee. Na Minza akiivaa, bado akakaa kimya, mwacheni. Wapo watu wameumbwa hivyo, wala hawaumwi.

Nisalimie mumeo, na mama mkwe wako aendelee na maji ya moto. Shangazi yako wa Magamba mwambie aivae miwani yake; ushauri wangu wa mwaka jana nimeufuta.

Minza usimpe salamu zangu. Nikishafanyiwa upasuaji nitakuja mwenyewe, nisimame mlangoni bila kukohoa wala kuita, anitazame mpaka aseme yeye kama nacheka.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Luhende