Sindano Niliyomchoma Shija

Jumamosi, Masumbwe. Jua kali tangu saa mbili asubuhi, vumbi mpaka mdomoni, na mimi nimelala mguu ukiwa juu ya mito miwili. Nina hasira, naandika haya kwenye simu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mimi ni muuguzi. Kila siku nawaambia wagonjwa wapumzike. Lakini miezi miwili hii nimekuwa nikimeza vidonge vya maumivu kabla ya mazoezi ya triathloni: kuogelea lamboni, baiskeli hadi Ushirombo na kurudi, kisha kukimbia. Siku ya mapumziko hakuna. Kocha wetu, Lufunga, anasema hiyo ni ya wavivu, nami nilimwamini.

Muundi wa kulia ulianza kwa kuniuma kidogo tu, ukaishia kunifanya nichechemee wodini. Jana nikaenda Geita kupiga picha ya eksirei. Mfupa una ufa.

"Sista," daktari akaniuliza, "mgonjwa wako angekuja hivi, ungemwambiaje?"

Kisha akaandika agizo lake. Wiki nane bila kukimbia. Mashindano ya ziwani ni mwezi ujao.

Leo asubuhi nikapanda bodaboda hadi lamboni kumwonesha kocha ile picha. Akaiinua juani, akaguna. "Ufa wenyewe kama unywele! Siku ya mashindano utajichoma sindano, utamaliza vizuri tu."

Kabla sijamjibu, Shija akaja akichechemea. Shija ni mchimbaji, anashuka shimoni siku sita kwa wiki, na bado anatushinda wote kwa mbio. Kisigino chake kilikuwa kimevimba, kano haionekani.

"Shikamoo, Sista. Umekuja na ile sindano?"

Ile sindano.

Wiki mbili zilizopita nilimchoma mimi dawa ya kutuliza maumivu kisiginoni, palepale kwenye nyasi, kwa sababu kocha aliniomba na sikutaka anione mnyonge. Sikumpima. Sikumuuliza daktari yeyote. Shija akakimbia siku ile huku anacheka.

"Sina, na sitakuchoma tena," nikamwambia. "Nilikosea, Shija. Nisamehe."

Kocha akacheka. "Umeumia wewe, sasa unataka timu nzima ikae chini?"

"Kisigino si chako, Kocha! Wewe hukimbii!"

Nilipiga kelele kweli. Akina mama waliokuwa wanachota maji wakageuka kunitazama. Sijutii.

Shija akatupa kisogo. Akapanda baiskeli, akanipita bila kuniangalia. Hakufika mbali. Nikasikia akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu!" na nilipotazama alikuwa ameshuka, amekaa kando ya barabara ameshika mguu. Nikamfuata, nachechemea na mimi.

"Sista," akasema kwa sauti ya chini, "kano hii ikikatika, shimoni nitashukaje? Wanangu watakula nini?"

Tukapanda bodaboda mishikaki, dereva, Shija na mimi, hadi kwa daktari wa kituo chetu cha afya. Kano imechanika kidogo. Atapona akitulia, ila daktari alisema mbio chache tu zaidi zingeikata kabisa. Shija akainamisha kichwa, akanishika mkono, hakuuachia mpaka alipofungwa bandeji.

Kocha hajapiga simu hata kuuliza hali. Alichofanya ni kunitoa kwenye kundi la WhatsApp, tena nikiwa bado kwenye benchi namsubiri Shija achukue dawa.

Inaniuma. Niliyataka sana mashindano yale, kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Ila kocha siwezi kumbebesha kila kitu. Yeye aliomba tu. Aliyevuta dawa kwenye bomba la sindano ni mimi, niliyesomea kazi hii na kula kiapo.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya zamu, nitaingia kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, nimweleze nilichofanya. Huenda nikapewa barua ya onyo. Huenda ikawa zaidi ya barua. Naogopa, na sitaki kujifanya siogopi.

Lakini nitasema kabla sijaulizwa.