Uso wa Emerensiana

Sitalike, 10 Machi 1975

Mwanangu Makarius,
U mzima huko Dar? Sisi tunapumua. Tangu tumzike mdogo wako Emerensiana sina hata picha yake moja. Uliniambia kiwandani kwenu, mnakochapa picha, mnachora watu juu ya jiwe, mnapaka wino, mnatoa karatasi. Nichoree mdogo wako.
Mama yako, Pelagia

Dar es Salaam, 2 Aprili 1975

Mama,
Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Afya ninayo. Picha ndiyo hiyo. Nimemchora anavyocheka, kama siku aliyonisindikiza stesheni Mpanda.
Mwanao Makarius

Sitalike, 29 Aprili 1975

Mwanangu,
Hujambo? Mimi mgongo tu. Baba yako kaipenda, anawaonyesha majirani. Lakini huyu siye niliyemzika. Hukuwepo, acha nikwambie. Watu wa serikali walipotutoa Mwese kwa lori, kutuhamishia kijiji kipya, walitushusha hapa porini, hakuna nyumba, mvua inanyesha. Tulilala chini ya mabua. Akaanza kukohoa. Mashavu yaliingia ndani, kidevu kikachongoka, jicho moja halikufungika tena. Aliniuliza, "Mama, nyumbani tunarudi lini?" Nikamwambia kesho. Mchore huyo.
Mama yako

Dar es Salaam, 11 Julai 1975

Mama,
Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, mwili ni mzima ila mkono ulikataa. Nililisugua jiwe likawa jeupe, nikaanza upya. Mstari wa taya niliukandamiza mpaka kalamu ya mafuta tunayochorea jiwe ikavunjika. Chini ya shavu nimeweka kivuli kizito. Fundi wangu, mzee Fabiani, aliuliza, "Nani huyu?" Nikasema mdogo wangu. Akavua kofia. Baba akikasirika, sema ni mimi.
Mwanao

Sitalike, 20 Agosti 1975

Mwanangu,
Nakusalimu. Kula vizuri, usijikondeshe. Picha imefika. Ndiye.
Baba yako aliniuliza, "Nani kamtuma amchore anakufa? Watu wataona aliteseka." Nikamjibu, "Nimemtuma mimi. Waone." Akachukua jembe akaenda shamba.
Leo asubuhi nimetoka kuchota maji, nikamkuta baba yako amekaa chini, karatasi iko mapajani. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye kile kivuli cha shavu, polepole, vile unavyomfuta mtoto uso. Wino hautoki. Anarudia tena.
Nilitua ndoo nje, nikamwacha.
Mama yako