Kiti cha Mgeni wa Kibamba

Jumanne, Manzese

Nimewadanganya vijana wangu wa mpira wa kikapu, tena nimedanganya vibaya.

Kocha wa Kibamba anamtaka Salumu, shuting gadi wetu, mfungaji wa pointi tatu. Tukibadilishana atanipa senta wake, jitu refu hasa. Wiki nzima napima. Bila mrefu tunanyang'anywa kila mpira chini ya ringi. Bila Salumu, nani atafunga? Na mama yake nitamwambiaje, mie niliyemwomba mwanawe kwa mdomo wangu?

Leo kocha huyo kaja kumtazama. Nikawaambia vijana, "Huyu braza anapita tu." Kisha nikamtolea kiti changu cha plastiki, nikakipangusa kwa ncha ya mtandio.

Salumu akakosa mitupo sita mfululizo. Yeye! Nikamfokea mbele ya wenzake mpaka sauti ikanikauka. Mgeni akainuka. "Dada, senta wangu nabaki naye." Nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliona aibu, lakini moyoni, sijui niseme nini, nilipumua.

Niliporudi, Salumu alikuwa peke yake anakusanya mipira.

"Kaondoka mgeni wako, kocha?"

"Kaondoka. Nani alikwambia habari zake?"

"Hakuna. Ila mpita njia hapewi kiti."

Akarudi nyuma ya mstari wa pointi tatu, akarusha. Mpira ukaingia bila kugusa ringi. Akauokota, akanikabidhi bila kunitazama, akaenda zake.

Jumamosi tuna mechi. Mrefu sina. Na huyu niliyebaki naye, sijui kama bado ninaye.