Wafula Hatapelekwa Ndabibi

Jumanne, 2 Septemba

Nimemnyoa Wafula asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kwa makasi, maana mashine hataki hata kuiona. Unakata kidogo, unangoja azunguke uwanja, anarudi, unakata tena. Upande wa kushoto umebaki juu kuliko wa kulia. Amejitazama kwa kioo, akasema "safi kabisa" kwa sauti ya yule mtangazaji wa redio. Nimechelewa dukani, agroveti ya dawa za mifugo, na bosi amenuna. Sijali.

Ana miaka ishirini na sita na bado napenda harufu ya kichwa chake kama alipokuwa mtoto. Ndiye ndugu yangu wa pekee. Nikiolewa nitamkosa kuliko mtu yeyote, hata Mama.

Watu wa Kibet, mchumba wangu, wanakuja tarehe ishirini, kujuana na watu wetu. Nafurahi na naogopa. Zaidi naogopa.

Alhamisi, 4 Septemba

Senge Rose, dada ya marehemu Baba, amekuja na mpango wake. Anataka Wafula apelekwe Ndabibi kwa binamu yetu siku hiyo, arudishwe wageni wakishaenda. Anasema si ubaya. Wakimwona akijipiga kichwa watafikiri ni ugonjwa wa ukoo, waondoke na kijana wao. Mama hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua.

Nilikasirika sana. Huyu Senge ndiye alimbeba Wafula mgongoni kabla hajajua kutembea. Anampenda. Hiyo ndiyo inauma.

Nimewaambia Wafula hatapelekwa Ndabibi. Nikatoka kabla sijasema mengine.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeongea na Kibet baada ya kanisa. Anamjua Wafula mwaka wa pili sasa. Hukaa pamoja kwa ngazi bila kuongea, na Wafula humwegemea bega, kitu hafanyii watu wa nje. Kwa hivyo nilidhani kwao Rongai alishasema. Kumbe hajawahi. Wanajua nina ndugu, basi.

Alitaka tuwaambie baadaye, baada ya harusi, wakishanizoea. Nikamuuliza, "Wanizoee mimi gani?" Mwishowe amekubali kuwaambia wiki hii, na uso wa mtu anayeenda kung'olewa jino.

Nampenda. Leo nimempenda kwa shida.

Jumatano, 10 Septemba

Amewaambia. Baba yake mkubwa, ambaye ndiye ataongoza wageni, ameuliza kama ni laana. Mama yake alichukua ndoo akaenda kukamua.

Chakula kimenishinda. Wafula amekula changu.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Kibet amekuja. Peke yake, bila kupiga simu. Mimi nilikuwa nafua, Mama alikuwa sokoni.

Nilimwekea chai. Wafula akatoka chumbani akaanza kuzunguka kiti cha mgeni, akivuma kama nyuki.

"Anataka nini?"

"Anakuzoea tu, Mama."

Alikaa bila kutikisika. Wafula akasimama, akagusa mkono wa sweta lake. Ni la sufu, na sufu anaipenda. Mama Kibet alimwacha aishike. Kisha, macho yake yakiwa kwa kikombe, akauliza kama watoto wa Kibet watakuwa hivi.

"Inawezekana," nikamwambia. "Hakuna anayejua. Akizaliwa hivi nitamlea, na Kibet atamlea."

Nikamweleza si laana na si kitu mtu alifanya. Inaitwa usonji. Alizaliwa hivyo. Kelele humuumiza kama vile moto unatuumiza sisi, na asiposema haina maana hasikii. Nilisema mengi, hata yale hakuuliza.

Alimaliza chai, akaaga vizuri, akaenda.

Pengine nimeharibu kila kitu. Ile "inawezekana" ningeimeza. Lakini ningesema nini kingine? Nimerudi kufua na nikafua blauzi moja mara mbili.

Jumanne, 16 Septemba

Kina mama wa kanisa ndio watapika. Leo walikutana kwetu kugawana kazi. Nilisimama mbele yao nikawapa masharti. Jumamosi hakuna spika. Hakuna vigelegele. Wafula akifunga masikio, mpisheni. Akianza kupiga kelele msimzunguke, msimshike, wala msiweke mikono kwa kichwa chake kumwombea. Mngojeni tu.

Wakatazamana. Mmoja akauliza ni sherehe gani bila vigelegele, si itakuwa kama matanga. Walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Walipoondoka, Mama Shiru anayeuza makaa hapo kona alibaki nyuma akijifanya anatafuta leso yake. Ana mjukuu wa miaka minne. Hasemi. Wageni wakija wanamfungia chumbani. Alimuuliza Mama alianzia wapi na Wafula, nani alimsaidia, aliwezaje. Wakakaa kwa ngazi mpaka chai ikapoa. Mama siku zote humtaja Wafula kwa sauti ya chini, kama mtu anaomba msamaha. Leo nimemsikia mpaka jikoni.

Aliporudi ndani alisema tu, "Atakaa hapa." Nilijua ni Jumamosi anazungumzia.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimechoka lakini lazima niandike.

Walikuja. Mama Kibet alikuwa kati yao.

Kila kitu kilienda sawa mpaka nilipoitwa nitambulishwe. Nikatoka na nguo yangu mpya, na Senge furaha ikamshinda. Akapiga kigelegele. Kimoja tu, lakini wengine wakaitikia kwa mazoea. Wafula akaruka. Meza ya soda ikaanguka. Alikimbia nyuma ya nyumba akilia, na tukasikia kichwa chake kikigonga ukuta.

Wageni wote walikuwa wamesimama. Sikungoja kutambulishwa. Nilichukua mto wa kiti nikaenda.

Nilimkuta kando ya tangi la maji. Niliweka mto kati ya kichwa chake na ukuta, nikakaa chini kwa mchanga, si karibu sana. Nikangoja. Sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa na huzuni tu, nikijua huko mbele wanavaa makoti.

Kibet akaja akakaa upande ule mwingine. Wafula alipoanza kupumua vizuri, niliuliza kama wameenda.

"Wako," Kibet akasema. "Baba mkubwa alitaka turudi siku nyingine. Mama akamwambia akae chini, tutaongea pole pole."

Nikachungulia kwa kona. Kweli. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameinamiana, wanajadili ndoa yangu kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Baba mkubwa ana sauti ya mnada wa ng'ombe. Kila akisahau, Mama Kibet anamgusa goti, naye anaanza sentensi upya akinong'ona. Nilicheka na kulia pamoja, mkono kwa mdomo.

Chapati zilipotoka Wafula akainuka mwenyewe. Alipita katikati ya wageni bila kusalimia mtu, akachukua nyama kwa sahani ya baba mkubwa, akaenda kukaa kando ya Mama Kibet. Mzee akaangalia sahani yake. Akamwangalia Wafula. Kisha akavuta bakuli akamwongezea.

Wamekubali. Senge alikuwa jikoni analia, hataki kutoka. Nimemkumbatia mpaka akatoka.

Jumapili, 21 Septemba

Wafula amelala karibu siku nzima. Ana uvimbe kwa paji la uso. Mama anamkanda na maji baridi, naye anakubali.

Kanisani mtu aliniuliza kama tulishamwombea apone. Kabla sijafungua mdomo Mama Shiru akamwambia si mgonjwa. Alikuwa amekuja na mjukuu wake, amekaa naye karibu na mlango ili watoke kelele zikizidi. Walitoka mara nyingi. Kila mara walirudi.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua mchana. Wateja wachache.

Mama Kibet alipiga simu. Anataka twende Rongai Desemba, sisi wote. Aliuliza Wafula alale wapi. Kuna chumba cha upande wa barabara, ni kikubwa lakini magari yanapita. Kuna cha upande wa zizi, kidogo, kimetulia, ila ng'ombe wananuka. Nilianza kumjibu, akanikatiza.

"Si wewe. Muulize yeye. Nitangoja."

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Wafula. Nilimwelezea vyumba vyote viwili, polepole, kisha mara ya pili. Nikaanza kupika. Ugali ulikuwa karibu kuiva alipokuja kusimama mlangoni.

"Ng'ombe," akasema.

Nimempigia Mama Kibet nikamwambia. Amesema sawa, atakifagia.